Muuzaji anasema chujio la masizi limeshatolewa, eti nifurahi

Kaka Fundi, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi, natafuta gari la dizeli lililotumika. Miaka yote nimeendesha la petroli, kwa hiyo huku kwenye dizeli mimi ni mgeni. Nimepekua matangazo mpaka macho yameuma, na sasa nimebaki na magari mawili. Ni ya aina moja, injini ileile ya lita mbili, na yote ni ya mwaka 2014.

La kwanza limetembea kilomita 140,000. Lina kitabu cha sevisi, na mwenye gari alinionyesha mpaka risiti. Kasoro yake ni taa ya njano kwenye dashibodi, ina kialama kama kopo la eksozi lenye vitone ndani. Nilipomuuliza akacheka: "Hiyo ni sensa tu, dada. Likimbize kidogo barabara kuu, itazima yenyewe."

La pili limetembea kilomita 190,000. Halina taa hata moja, linavuta vizuri, na bei yake ni nafuu. Dalali wake ndiye aliyenichanganya. Aliinama akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa zawadi: "Hili chujio la masizi tumeshalitoa. Wenzako wanalia na DPF, wewe utakuwa unapeta tu."

Shemeji yangu, ambaye ndiye tunayemtegemea nyumbani kwa mambo ya magari, anasema dalali kasema kweli: chujio ni ugonjwa wa kuzaliwa wa dizeli, likitolewa gari limepona. Mume wangu anasema niachane na dizeli kabisa, ila ukimuuliza kwa nini anaishia kusema "zinasumbua". Mimi nimeng'ang'ania dizeli kwa sababu ya ulaji wa mafuta na nguvu za kupanda milima.

Kazini kwangu si mbali, ni kama kilomita nne kwenda na nne kurudi, mara nyingi usiku. Mwisho wa mwezi huwa tunakwenda kwa wazazi, saa tatu hivi barabarani. Wauzaji wote wawili wananipigia simu kila siku, kila mmoja anasema kuna mtu mwingine anakuja na pesa. Nichukue lipi?

Muuguzi wa zamu ya usiku

*

Dada yangu,

Waambie wote wawili kwamba huyo mwingine anayekuja na pesa aje tu. Gari la namna hiyo lipo tele, na mwenye haraka hapa si wewe.

La pili liache. Shemeji yako nampa heshima yake, lakini hapa kapotoka, na nitaanza na yeye kwa sababu wanaofikiri kama yeye ni wengi na baadhi yao ni mafundi wenzangu.

Gari hilo lilipotoka kiwandani lilikuwa na chujio la masizi, ndilo hilo DPF, kwenye mfumo wa eksozi. Kopo la chuma, ndani yake kuna kauri yenye vijitundu virefu vilivyopangana kama sega la nyuki. Kila kijitundu kimezibwa upande mmoja, kile cha jirani kimezibwa upande wa pili, hivyo moshi hauna njia ila kupenya ukutani. Hewa inapita, masizi yanabaki. Chujio zima hunasa zaidi ya asilimia 95 ya masizi ya injini. Huko Ulaya kiwango cha usafi wa moshi kiitwacho Euro 5, kilichoanza kwa aina mpya za magari Septemba 2009 na kuyabana yote mapya yaliyouzwa kuanzia Januari 2011, kilishusha masizi yanayoruhusiwa kutoka gramu 0.025 kwa kilomita mpaka 0.005. Kwa dizeli, kufika hapo bila chujio ni ndoto. Kwa hiyo chujio si kikorombwezo cha kiwanda.

Wewe ni muuguzi, hili utalielewa kuliko dalali. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Gari lisilo na chujio linaumwaga moshi huo kwa yeyote aliye nyuma yake, na watoto wako wakisimama karibu na eksozi wakati unapasha injini asubuhi, wamo.

Lakini hata tukiweka afya pembeni na kuongea biashara tu, bado dalali anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Jiulize: chujio lilitolewa kwa nini? Mtu haamki tu asubuhi akakata eksozi yake. Lilitolewa kwa sababu lilikuwa linaziba. Na chujio linaloziba kabla ya wakati wake mara nyingi limezibwa na kitu kingine: nozeli inayovuja, turbo inayopitisha oili, vali ya EGR (ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama, au themostati iliyobaki wazi na kuifanya injini isipate joto lake. Walichotoa ni chujio. Kilicholiziba huenda bado kimo ndani, sasa kinafanya kazi yake kimyakimya.

Na hizo taa ambazo hazionekani zisikufurahishe. Ili gari litembee bila chujio bila kulalamika, ni lazima mtu aingie kwenye kompyuta ya injini na kuiandika upya, iache kuuliza habari za chujio. Nani aliiandika? Alizima nini kingine humo? Hutajua. Dashibodi safi ya gari kama hilo ni ya shahidi aliyeambiwa anyamaze.

Halafu kuna sheria. Nchi nyingi haziruhusu gari lililotengenezwa na chujio kutembea barabarani bila chujio. Uingereza, tangu Februari 2014, gari la namna hiyo linaanguka ukaguzi wa mwaka kama mkaguzi haoni chujio mahali pake. Wajanja wakajibu kwa kupasua kopo, kuvunja kauri ya ndani na kulichomelea tena, kwa nje likaonekana zima. Ndipo Ubelgiji mwaka 2022, kisha Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, zikaleta vipimo vinavyohesabu chembe zinazotoka kwenye eksozi, na hapo kopo tupu halina pa kujificha. Angalia sheria ya mahali unapolisajili gari lako. Ukitakiwa kulirudisha, utanunua chujio, sensa zake na vibomba vyake, na utamlipa mtu wa kuirudisha kompyuta ilivyokuwa. Unafuu wa bei utakuwa umekwenda na maji.

Sasa tuje kwenye la kwanza, lile lenye taa. Mimi lile nalipenda zaidi, na nalipenda kwa sababu taa inawaka. Angalau linasema.

Masizi yanayojaa kwenye chujio huchomwa humohumo ndani. Shida ni kwamba masizi yanahitaji joto la kama nyuzi 600 za Selsiasi ili yaungue vizuri, na eksozi ya gari linalozunguka mjini haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kompyuta ikiona chujio linaelekea kujaa, inanyunyiza dizeli ya ziada mwishoni mwa mzunguko wa silinda. Dizeli hiyo inakwenda kuungua kwenye kichocheo, kopo linalosaidia gesi kuungua, lililo kabla ya chujio, joto linapanda, masizi yanageuka gesi. Kazi hiyo huchukua kama dakika 10 hadi 20, gari likiwa mwendoni na injini ikiwa imeshapata moto. (Peugeot 607 ya mwaka 2000, gari dogo la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na chujio hili, ilichanganya dawa kwenye mafuta ili masizi yaungue kwenye kama nyuzi 450. Magari ya ukoo huo yana tangi dogo la dawa ambalo wanunuzi wengi hawajui kama lipo, mpaka likauke.)

Ukizima gari katikati ya kazi hiyo, imeharibika. Ile dizeli ya ziada, nyingine inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Kesho kompyuta inaanza tena, unazima tena. Baada ya wiki kadhaa chujio limejaa, taa ya njano inawaka, na kwenye kijiti cha oili kiwango kimepanda badala ya kushuka. Nakuomba hiki kijiti ukitazame kwa macho yako mwenyewe. Kivute, kifute, kirudishe, kivute tena. Oili ikiwa juu ya alama ya mwisho, nyepesi, na ikinuka dizeli, gari hilo limekuwa likikatishwa kazi yake kwa muda mrefu. Oili iliyochanganyika na dizeli hivyo inakula beringi na turbo, na ikizidi sana injini inaweza kuivuta na kuichoma, ikapandisha mzunguko yenyewe hata ukitoa ufunguo.

Kwa hiyo yule anayesema "likimbize, itazima" huenda anasema kweli. Taa ya chujio ikiwa peke yake, gari likiwa na nguvu zake zote, dakika 20 za barabara iliyonyooka kwa mzunguko wa injini wa 2,000 hadi 3,000 kwa dakika mara nyingi zinatosha. Ila ikiwaka pamoja na taa ya injini, au gari likigoma kuvuka mzunguko fulani, hapo si pa kukimbiza. Chujio lililojaa kupita kiasi likichomwa kwa nguvu, masizi yote yanashika moto kwa pamoja, joto linapita nyuzi 1,000, na kauri inapasuka.

Na huenda ni sensa kweli. Kuna sensa inayolinganisha msukumo wa moshi kabla na baada ya chujio kupitia vibomba viwili vyembamba, na vibomba hivyo huchanika au kuziba. Ni kitu kidogo. Basi kama ni sensa tu, abadilishe yeye, akuletee gari taa ikiwa imezima na risiti mkononi. Sijapata kuona mtu anayeacha kitu kidogo kimharibie bei ya gari zima.

Mpe siku ya kwenda kulitazama, na mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, muulize alikuwa anakwenda wapi. Gari ambalo limepashwa kabla ya mnunuzi kuja limeshaficha uwakaji wake wa baridi, na pengine limetoka kuchomwa chujio kwa mashine asubuhi hiyo.

Gari likiwa bado la baridi, chukua kitambaa cheupe au pamba, vitu ambavyo wewe huvikosi, upitishe ndani ya mdomo wa eksozi. Penye chujio zima utapata kijivu kidogo au kutu. Ukitoka na weusi mzito unaong'ang'ania vidoleni, chujio limepasuka au halipo. Hiyo ni dalili, si hukumu, maana eksozi ya zamani inaweza kubakiza uchafu wa kale. Kisha mwenzako aweke ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, na injini ikishawashwa taa hiyo inatakiwa kuzimika. Taa isiyowaka kabisa mtu ameiua. Uvunguni, fundi atazame kopo lenyewe kama lina mstari wa kuchomelea ambao si wa kiwandani, na kama vile vibomba viwili bado vimeungwa.

Kubwa kuliko yote ni fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Asisome hitilafu tu, kwa sababu hitilafu hufutwa kwa kubonyeza kitufe. Kwanza atafute kilomita zilizotembelewa tangu kumbukumbu zifutwe. Ikisoma kilomita 12, basi mtu amezifuta juzi au leo asubuhi, na usiendelee kuongea naye habari za uaminifu. Pili, kilomita tangu chujio lijichome kwa mafanikio mara ya mwisho, na wastani wake. Gari lenye afya hujichoma kila baada ya mamia ya kilomita. Likiwa linajichoma kila kilomita 80 au 100, kuna kinacholijaza. Tatu, tofauti ya msukumo: injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, isome sifuri. Isiposoma sifuri, sensa inadanganya, na hapo mwenye gari atakuwa amesema kweli. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, iwe milibari chache tu. Ikiwa ni makumi, chujio limebanwa.

Nne ni majivu, na hapa wengi hawafiki. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Yanatokana na viungo vya oili, yanabaki humo maisha yote ya chujio, na ndiyo yanayolimaliza hata kwa dereva mwema. Kwa gari la kilomita 140,000 lazima kuwe na majivu ya kutosha. Mashine ikisoma karibu na sifuri, ama chujio ni jipya na risiti ipo, ama mtu ameidanganya kompyuta kwamba amefunga jipya. Katika hizo risiti alizokuonyesha, tafuta aina ya oili. Inatakiwa ile ya majivu machache, ambayo kwenye kopo huandikwa C2 au C3 au daraja jingine la C kulingana na kitabu cha gari. Ikiwa kwa miaka yote wamekuwa wakimimina oili yoyote iliyokuwa karibu, chujio hilo limezeeka kabla ya umri wake. Chujio lililojaa majivu haliponi kwa kukimbizwa wala kwa dawa za chupa zinazomiminwa kwenye tangi. Hulazimika kufunguliwa na kusafishwa nje kwa mashine ya kazi hiyo, au kubadilishwa.

Baada ya hapo liendeshe. Si kuzunguka mtaa, ni kama dakika 40, na sehemu kubwa iwe barabara ya wazi. Tazama mshale wa joto: upande mpaka mahali pake na usishuke ukiwa mteremkoni. Ukishuka, themostati imechoka, na injini isiyopata joto haitaruhusu chujio lijichome. Ukihisi mngurumo wa gari lililosimama umepanda kidogo, feni inapiga kelele, na kuna harufu ya moto, usishtuke, ndivyo lilivyo likiwa kazini. Endelea mpaka limalize.

Nimefika kwa mume wako. Naona amepatia, ingawa sababu hakukupa. Kilomita nne usiku wa baridi hazitoshi hata kuipasha injini ya dizeli, seuze kuchoma masizi. Kwa mwezi utakuwa na kama kilomita 200 za namna hiyo, zote za kujaza na hakuna ya kuchoma. Kinachokuokoa ni safari ya wazazi. Saa tatu za barabarani mara moja kwa mwezi zinaweza kulisafisha, mradi usizikose. Ukikosa miezi miwili mfululizo, mzazi akija yeye badala ya ninyi kwenda, taa itakuwakia. Na ule unafuu wa mafuta unaoufuata haupo kwenye kilomita nne. Dizeli ya baridi inakunywa kama nyingine yoyote, na kila jaribio la kujichoma linaongeza.

Mimi ningekuwa wewe ningetafuta la petroli lenye turbo ndogo, milima litapanda. Nayo mapya, hasa ya Ulaya kuanzia 2018, mengi yana chujio lake, ila eksozi ya petroli ni ya moto zaidi na masizi yake ni machache, hivyo ni nadra kusikia kilio.

Kama moyo umeshalala kwenye dizeli, basi la kwanza, kwa masharti: taa izimwe kwa kutibu ugonjwa wenyewe na si kwa kufutwa, namba za mashine ziwe safi, na kwenye mkataba muuzaji aandike kwa mkono wake kwamba mfumo wa eksozi umekamilika na haujachezewa, wala programu yake. Na ukishalinunua, tafuta siku moja katikati ya mwezi, ukitoka zamu, uzungushe kwa barabara ndefu kabla ya kwenda kulala. Kama umechoka sana, mpe shemeji ufunguo alizungushe yeye.